Wanawake wa Roma ya Kale na Kazi Zao



Wengi wenu mmepata kusoma, au kusomewa, habari za safari za Paulo katika kitabu cha Matendo ya Mitume. Mtakumbuka kwamba alipofika Filipi, mji uliokuwa koloni la Warumi, alikaribishwa nyumbani kwa mwanamke aitwaye Lidia, mwenyeji wa Thiatira, ambaye biashara yake ilikuwa kuuza vitu vya zambarau. Tena alipofika Korintho alikaa kwa Akila na mkewe Prisila, waliokuwa wameondoka Italia kwa sababu Kaisari Claudius aliwafukuza Wayahudi mjini Roma, nayo kazi yao ilikuwa kushona mahema. Mwandishi ataja kazi hizo kwa maneno machache, kama jambo lisilo la ajabu, kisha aendelea na safari yake. Mimi jioni hii nataka tusimame pale alipopita yeye. Wanawake hawa waliokula kwa jasho lao katika dola ya Warumi walikuwa watu gani? Walifanya kazi zipi, na wenzao waliwatazama kwa jicho gani?

Tukiwauliza waandishi wakubwa wa Roma, hatupati jibu la kutosha. Hao walikuwa wanaume wenye mashamba na watumwa, na sifa ya kazi waliyopenda kumpa mwanamke ilikuwa moja tu, kwamba alikaa nyumbani akasokota sufu. Sifa hiyo ilichongwa hata katika makaburi ya mabibi wakubwa waliokuwa na wajakazi tele wa kusokota kwa niaba yao. Kaisari Augustus, aliyetawala tangu mwaka 27 K.K. hata mwaka 14 B.K., kwa kawaida alivaa nguo za nyumbani tu, zilizotengenezwa na mkewe, dada yake, binti yake na wajukuu wake. Na hayo yakasimuliwa kuwa fahari ya nyumba yake. Nadhani wajakazi wa nyumba ile wangeulizwa, wangalikuwa na neno la kuongeza.

Ama kazi za sokoni, hizo zilidharauliwa wazi. Cicero, bingwa wa usemi, aliandika mwaka 44 K.K. kitabu cha kumfundisha mwanawe wajibu wa mtu mwungwana. Humo asema kwamba kazi za mkono za kulipwa ujira si za mtu wa heshima, na miongoni mwa zilizo duni kabisa awataja wauza samaki, wachinja nyama na wapishi. Mwenye kununua shehena kubwa kutoka nchi za mbali hakumlaumu sana. Aliyelaumiwa ni yule mwenye kikapu.

Basi tuwaache waandishi, twende makaburini. Desturi ya Warumi ilikuwa kuzika wafu wao nje ya mji, kandokando ya njia kuu, ili wapitao wasome majina yao. Maelfu ya mawe hayo yamesalia hata leo. Moja lilichongwa kwa ajili ya Aurelia Nais, mwanamke aliyekuwa mtumwa kisha akaachwa huru. Jiwe latwambia kwamba alikuwa muuza samaki, tena latwambia mahali, yaani penye ghala za Galba, karibu na mto Tiber. Kazi ile ile aliyoitaja Cicero kwa dharau, hapa imechongwa juu ya kaburi pamoja na jina la mtu, kama vile mwingine angalichonga cheo chake. Jambo hilo lanishangaza kila nilikumbukapo, na nitalirudia kabla ya kumaliza.

Kwenye bandari ya Ostia, mto Tiber ulipoingia baharini, palipatikana jiwe lenye sanamu ya duka la mwanamke, kazi ya karne ya pili B.K. Mwenye duka amesimama nyuma ya meza yake akimpa mteja kitu. Kuku wametundikwa, sungura wamo tunduni wakingoja kununuliwa, pana chombo cha konokono, ambao Warumi waliwala kwa furaha, na juu ya meza wamekaa kima wawili. Kima hawakuwa wa kuuzwa kwa nyama, la. Yamkini waliwekwa ili wavute watu. Mwanamke yule aliijua biashara. Watoto wakisimama kutazama kima, mama zao husimama nao, na anayesimama hununua. Sanamu nyingine, iliyotoka Roma na sasa imo katika mji wa Dresden, Ujerumani, yaonyesha duka la nyama: mwanamume akata nyama kwa shoka, na mwanamke amekaa kitini upande wa pili akiandika katika vibao vya nta. Hesabu za duka zilikuwa mikononi mwake.

Sasa tusogee kidogo, karibu na Ostia hiyo hiyo, kwenye makaburi ya Isola Sacra. Huko liko kaburi ambalo Scribonia Attice alilijenga kwa ajili yake mwenyewe, na mumewe Marcus Ulpius Amerimnus, na mama yake. Mume alikuwa tabibu, na sanamu ya udongo uliochomwa yamwonyesha akitibu mguu wa mgonjwa. Mke alikuwa mkunga, naye ana sanamu yake. Mwanamke mwenye utungu amekaa katika kiti cha kuzalia, mwenzi mmoja amemshika kwa nyuma, na mkunga ameketi mbele yake juu ya kigoda kifupi, mkono wake ukifanya kazi. Lakini tazameni uso wake. Hamtazami mzazi, ameugeuza uso, awatazama wapita njia.

Mtu asiyejua angedhani fundi amekosea. Walakini tunacho kitabu cha tabibu Mgiriki, Soranus wa Efeso, aliyefanya kazi Roma mwanzoni mwa karne ya pili, naye ashauri kwamba mkunga asimkazie macho mzazi, asije akaona haya na mwili wake ukajifunga. Tabibu huyo aeleza pia mkunga bora awe mtu wa namna gani. Sharti ajue kusoma, apate elimu ya vitabuni juu ya ile ya mikono. Awe na kumbukumbu njema, awe na kiasi katika kunywa, aweze kuficha siri za nyumba aingiazo. Asiwe mwenye kuamini ndoto na ishara, maana huenda akaacha jambo la lazima kwa hofu ya bure. Kucha zake ziwe fupi. Si lazima awe amezaa yeye mwenyewe. Kisha aongeza neno ambalo kwangu lina ladha kubwa kupita yote: mkunga ailinde mikono yake iwe laini, na kwa hiyo ajiepushe na kazi ya sufu iwezayo kuifanya migumu! Waungwana wakubwa walisema mwanamke mwema ni yule asokotaye sufu. Tabibu, ambaye alijali kama mama na mtoto watapona, alimwambia mkunga aiache.

Sufu yenyewe ilikuwa kazi ya maelfu ya wanawake ambao hawakusifiwa na mtu. Katika nyumba moja ya Pompeii, mji uliofunikwa na majivu ya mlima Vesuvius mwaka 79 B.K., ukutani yamekwaruzwa majina ya wanawake wasokotaji, na kando ya kila jina kipimo cha sufu aliyopewa kwa kazi. Hapakuandikwa sifa yoyote, ila uzito tu. Na katika Roma jiwe moja lamtaja Viccentia, binti mpenzi wa wazazi wake, fundi wa kusokota nyuzi za dhahabu. Alikufa akiwa na umri wa miaka 9.

Habari kamili kuliko zote juu ya kazi hii zatoka Misri, nchi iliyoingia chini ya Warumi mwaka 30 K.K. Mchanga wa Misri ni mkavu, hata karatasi za mafunjo zilizotupwa jalalani zilikaa humo karne nyingi pasipo kuoza. Mjini Oxyrhynchus ilionekana hati ya mwisho wa karne ya pili, mkataba baina ya bibi mmoja aitwaye Platonis na mfumaji aitwaye Lucius. Bibi ampeleka kijakazi wake Thermouthion, ambaye bado hajatimiza umri, akafundishwe kufuma kwa miaka minne. Bibi atamlisha na kumvika, na kila siku atamtoa kwa mwalimu wake tangu macheo hata machweo, ayafanye yote atakayoamriwa katika ufundi huo. Mwaka wa kwanza Lucius atalipa drakma 8 kwa mwezi, mwaka wa pili 12, wa tatu 16, na wa nne 20. Msichana atapata siku 18 za mapumziko kwa mwaka kwa ajili ya sikukuu. Akikosa kazi au akiugua siku kadha wa kadha, atazilipa siku hizo mwisho wa muda.

Hebu tuuangalie mkataba huu kwa makini, kwani una mambo mawili ndani yake. Ujira waongezeka kila mwaka, na maana yake ni kwamba kijakazi alitazamiwa kuwa fundi, na ufundi wake ulikuwa na bei iliyojulikana. Hata siku zake za kupumzika zimehesabiwa. Ukisoma upesi waweza kudhani ni hati ya mtu huru. Lakini mwenye ujira ni Platonis. Mikono ni ya Thermouthion, na thamani ya mikono ni ya bibi yake. Kadiri msichana alivyozidi kujua, ndivyo bibi alivyozidi kuwa na mali. Hayo ndiyo yaliyokuwa moyoni mwa kazi nyingi za Roma, nasi tukiyasahau tutasimulia hadithi nzuri isiyo ya kweli.

Misri hiyo hiyo yatupa pia mikataba ya wanawake wa kunyonyesha. Wengine walichukua watoto waliookotwa, ambao mwenye kuwaokota alitaka kuwalea wawe watumwa wake. Mnyonyeshaji alilipwa kwa mwezi, naye aliahidi kuyatunza maziwa yake, kutolala na mwanamume, kutoshika mimba, na kutomnyonyesha mtoto mwingine pamoja na yule. Katika mikataba mingine aliahidi kwamba mtoto akifa, atachukua mwingine na kumlea badala yake. Mwili wake wote uliwekwa chini ya mkataba, hata usiku wake.

Katika nyumba za wakuu kazi ziligawanywa kwa namna ya kuchekesha. Mwaka 1726 palifukuliwa, kando ya njia ya Appia, kaburi la pamoja la watu wa nyumba ya Livia, mke wa Augustus. Humo wamo wasusi, washonaji, wakunga, na wanawake wa kupaka mafuta, kila mmoja na kazi yake iliyoandikwa. Msusi hakuwa mtu mdogo, kwa maana mitindo ya nywele ya mabibi wa Roma ilipanda juu kama mnara, ikashikwa kwa pini za mfupa na za pembe. (Pembe za ndovu Warumi walizipata kwa njia nyingi, na mojawapo yatuhusu: kitabu cha mabaharia cha karne ya kwanza chataja bandari ya Rhapta, katika pwani yetu ya Afrika ya Mashariki, kuwa mahali pa kununulia pembe nyingi.) Wanasheria nao walibishana juu ya wasusi. Mtu akiacha wasia wa kumrithisha mwenziwe wajakazi wake wasusi, je, yule aliyefundishwa miezi miwili tu ahesabiwe? Mmoja alisema hapana. Wengine wakajibu kwamba ahesabiwe, la sivyo hapatakuwa na msusi hata mmoja duniani, kwa kuwa hakuna fundi asiyeweza kujifunza zaidi. Jibu la busara, nami nalikubali. Lakini kumbukeni kwamba waliokuwa wakibishaniwa ni watu.

Sheria ilikuwa kali zaidi kwa wanawake wa maduka ya mvinyo. Katika Pompeii, kwenye barabara ielekeayo upande wa mashariki, lilikuwako duka la namna hiyo, lenye meza ya mawe na mitungi iliyojengewa ndani yake. Nje, ukutani, yamepakwa kwa rangi maombi ya kuwachagua watu fulani wawe wakuu wa mji, na chini yake majina ya wanawake: Asellina, Aegle, Zmyrina, Maria. Wanawake hawakuruhusiwa kupiga kura. Hata hivyo hawa waliona kwamba neno lao lina uzito kwa wanywaji wao, wakaliandika kwa herufi kubwa penye macho ya watu. Lakini mwaka 326 Kaisari Constantine alitoa sheria juu ya uzinzi, akaulizia kwanza habari ya mwanamke wa duka la mvinyo: je, ni mwenye duka, au ni mtumishi? Akiwa mwenye duka, aweza kushitakiwa kama mke wa mtu yeyote. Lakini akiwa ndiye apelekaye vikombe kwa wageni, aachwe, kwa maana maisha yake ni duni mno hata sheria haina haja ya kumwangalia. Na mwenye duka akipeleka kikombe kwa mkono wake mwenyewe, naye huhesabiwa miongoni mwa watumishi. Msidhani hiyo ilikuwa huruma. Mwanamke asiyefaa kushitakiwa ni mwanamke asiyehesabiwa kuwa na heshima ya kupotea.

Walikuwako, bila shaka, wanawake wenye mali. Julia Felix wa Pompeii alipaka tangazo la kukodisha bafu, maduka na vyumba vya ghorofani kwa muda wa miaka mitano. Mji huo huo mtu alikwaruza ukutani habari ya vipuli vya masikio vilivyowekwa rehani kwa Faustilla, na riba aliyoikata. Domitia Lucilla, mama yake Kaisari Marcus Aurelius, alikuwa na viwanda vya matofali, na muhuri wenye jina lake waonekana hata leo katika matofali ya Roma. Naye Kaisari Claudius, alipoona nafaka ni haba mjini, aliwaahidi thawabu watakaounda merikebu za kuleta ngano. Kwa wanawake thawabu ilikuwa ile haki ambayo sheria ilimpa mama wa watoto wanne. Kwa hiyo alijua wako wanawake wenye fedha ya kuunda merikebu. Hata katika sanaa alikuwako Iaia wa Kyzikos, mchoraji, ambaye Pliny asema picha zake zilipata bei kubwa kuliko za wanaume mashuhuri wa siku zake mjini Roma, wala hakuolewa maisha yake yote.

Lakini hao ni wachache, nami nataka kurudi kwa muuza samaki wetu, kama nilivyoahidi. Kwa nini kazi iliyodharauliwa ikachongwa juu ya jiwe?

Jibu, kwa maoni yangu, limo katika desturi ya majina. Mwungwana wa Kirumi aliandikwa pamoja na jina la baba yake na la kabila alilopigia kura. Mtumwa hakuwa na baba mbele ya sheria, hata kama baba yake alikuwa hai na kukaa naye nyumba moja. Akiachwa huru, mahali pa jina la baba paliandikwa jina la bwana aliyemwacha. Kila alipojitaja alitaja utumwa wake. Basi kitu gani kilikuwa chake yeye mwenyewe, alichokipata kwa akili na mikono yake, asichopewa na bwana? Kazi. Ndiyo maana mawe mengi yatajayo kazi za wanawake ni ya watumwa na ya walioachwa huru, si ya mabibi.

Liko jiwe moja katika Roma lionyeshalo jambo hili lote. Ni la Abudia Megiste. Aliyeliweka ni Marcus Abudius Luminaris, naye ajiita patroni wake na mume wake. Yaani alikuwa bwana wake, akamwacha huru, akamwoa. Mke asifiwa kuwa mwema, kisha yatajwa kazi yake: mfanya biashara wa nafaka na kunde, penye Ngazi ya Kati. Wateja wake walipajua. Chini yake ametajwa mtoto wao, Marcus Abudius Saturninus. Yeye hakuandikwa kazi. Ameandikwa kabila, kabila la Esquilina, kama raia mzaliwa huru. Alikuwa na umri wa miaka 8.